Vilango 24 na Pua ya Mdogo Wangu

Sanduku lilikuwa zuri kuliko vilivyokuwa ndani yake. Kijani kilichokolea, nyota za dhahabu, vilango 24 vyenye tarakimu za kurembwa, na utepe mwekundu wa kubebea. Ilikuwa kalenda ya Majilio, yaani ya kuhesabu siku za kungojea Krismasi, ila yenye mvinyo: kichupa kimoja kila siku, tarehe 1 hadi 24 Desemba. Wala sikupewa zawadi. Nililinunua mwenyewe, kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, kwa sababu nilitaka kujua kama mvinyo wa bei rahisi ni mbaya kweli au ni mazoea yetu tu kuusema.

Nilipolifikisha mezani ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kutoa pesa. Kila kichupa kilikuwa na mililita 187, yaani robo ya chupa ya kawaida ya mililita 750. Robo 24 ni chupa sita. Basi. Nilikuwa nimenunua chupa sita za mvinyo wa kawaida zilizogawanywa vipande vipande na kuvishwa nguo za sikukuu, na nadhani pesa yangu nyingi ilikuwa imeishia kwenye nguo.

Mdogo wangu, ambaye naishi naye na ambaye hagusi kileo cha aina yoyote, alilizunguka lile sanduku mara mbili kama mtu anayekagua gari la mtumba.

"Dada, hii si kalenda," alisema. "Hii ni dozi. Kimoja, kutwa mara moja, baada ya chakula cha usiku."

Tukapanga masharti. Yeye ndiye angefungua kilango, atoe chupa na kuivika soksi ili nisione lebo, kisha animiminie. Mimi ningeonja na kuandika daftarini kabla ya soksi kuvuliwa. Naye, kwa kuwa hanywi, angenusa tu na kutamka neno la kwanza litakalomjia. Niliongeza sharti hilo la mwisho kama mzaha, ili asijione mtumishi wa baa. Hadi tarehe 24 lilikuwa ndilo jambo pekee la maana daftarini.

Kalenda hizi zilianza bila kileo, na hata bila chokoleti. Walutheri wa Ujerumani wa karne ya 19 walichora mistari ya chaki mlangoni, wakafuta mmoja kila siku hadi Krismasi ifike. Mwanzoni mwa karne ya 20, Gerhard Lang wa Munich akaanza kuzichapa; inasimuliwa kwamba utotoni mama yake alikuwa akimbandikia biskuti kwenye karatasi gumu ili aache kuuliza siku zimebaki ngapi. Vita ya pili ya dunia ikaua biashara hiyo, na mwaka 1946 Richard Sellmer wa Stuttgart akaifufua kwa kuchapa mji mdogo wa karatasi wenye madirisha ya kufunguka. Jambo moja linanichekesha: Majilio yenyewe hayaanzi tarehe 1 Desemba. Huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, ambayo huangukia popote kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Tarehe 1 inamfaa mchapaji. Akiishika hiyo, sanduku la mwaka huu linauzika na mwakani.

Usiku wa kwanza ulikuwa mvinyo mweupe, moja kwa moja kutoka kwenye friji. Niliandika: "Maji. Maji yenye uchachu kidogo." Nikaiacha glasi mezani, nikaenda kuongea na simu. Niliporudi baada ya nusu saa, mdogo wangu alikuwa ameinamia ile glasi.

"Pea la kopo," alisema. "Na ule mchuzi wake."

Nikaonja tena. Kweli, pea, na utamu ambao haukuwapo mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tunaambiwa mvinyo mweupe wa bei ndogo unywewe ukiwa baridi sana. Baridi hufunga harufu na kuuficha utamu, ukabaki uchachu tu, na uchachu huo mtu huuita uburudisho. Mvinyo mweupe ulio mzuri hustahimili nyuzi joto 10 au 12 bila aibu. Huu ulipofika hapo ulivuliwa joho. Tangu usiku huo kila mweupe niliuonja mara mbili, mara moja ukiwa baridi na mara moja baada ya kuusahau, na wengi niliwapenda zaidi kabla ya kuwafahamu. (Naona nimeanza kuiita mivinyo kama watu. Nivumilie, wiki tatu ni nyingi.)

Usiku wa tano nusura nianze kujiona mtaalamu. Mwekundu, na kabla sijainua glasi mdogo wangu alishasema, "Pilipili hoho. Ya kijani, imekatwa sasa hivi." Nilipovua soksi: Carmenère, kutoka Chile. Wanaoijua zabibu hiyo wanacheka, kwa sababu pilipili hoho ndiyo kitambulisho chake. Kemikali zinazoitwa pirazini zimo kwenye hoho na zimo kwenye zabibu hizo pia, hasa zikivunwa kabla hazijaiva barabara. Mizabibu yake ilitoka Bordeaux, Ufaransa, kwenda Chile katika karne ya 19, kisha mdudu wa filoksera akaiangamiza mizabibu ya Ulaya na zabibu hiyo ikasahaulika karibu kabisa huko kwao. Kule Chile iliendelea kukua ikiwa imechanganyika mashambani, na mvinyo wake ukauzwa kwa jina la zabibu nyingine, Merlot, hadi mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitazama na kusema hii si Merlot. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanakunywa kwa jina la mwingine na hakuna aliyelalamika. Kisa hicho kilinikaa kichwani kuliko nilivyodhani kingekaa.

Usiku wa saba nikashushwa cheo. Mwekundu mzito, na mdogo wangu akapiga chafya ya uongo: "Pilipili manga!" Nikanusa. Hakuna. Nikazungusha glasi, nikaingiza pua hadi karibu ilowe. Plamu, moshi kidogo, lakini pilipili, wapi. Akaniona kama ninayemfanyia makusudi. Soksi ilipovuliwa ilikuwa Shiraz, zabibu inayosifika kwa harufu hiyo hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza chanzo chake: kemikali inayoitwa rotundoni, ambayo ndiyo pia inayoipa pilipili manga yenyewe harufu. Katika majaribio yao, takriban mtu mmoja kati ya watano hakuweza kuinusa hata ilipowekwa nyingi. Mimi ni huyo mmoja. Nimekunywa Shiraz miaka mingi nikiandika "mpole, hauna makali", kumbe upole ulikuwa wa pua yangu.

Baada ya hapo zikaja siku ambazo siwezi kuzitofautisha, na ndizo zinazonifanya niandike makala haya.

Tangu usiku wa nane hadi wa kumi na tatu, daftari langu linasomeka kama ripoti ya mtu aliyelazimishwa. "Sawa." "Sawa tu." "Mwekundu." Hakuna uliokuwa mbaya. Nasisitiza hilo, kwa sababu nilitarajia siki, kutu, harufu ya kamba mbichi. Sikupata. Mvinyo wa bei rahisi wa leo umetengenezwa na watu wanaojua kazi: matangi safi, joto linalodhibitiwa, hamira iliyochaguliwa. Kilichokosekana ni sura. Ungeweza kunywa nusu glasi huku unaongea, na mtu akikuuliza ulikunywa nini ukabaki kumkodolea macho.

Ukijua unavyosafiri, hushangai. Mvinyo mwingi wa daraja hili hautoki shambani ukiwa ndani ya chupa. Humiminwa kwenye mfuko mkubwa wa plastiki unaojaza kontena la futi 20, takriban lita 24,000, ukavuka bahari na kutiwa kwenye chupa huko unakouzwa. Mfuko mmoja hutoa vichupa kama vyangu zaidi ya 128,000. Kabla ya kufika kwenye mfuko, mvinyo wa bonde hili umekwisha changanywa na wa bonde lile ili usizidi uchachu wala usipungue, ufanane na wa mwaka jana, umpendeze kila mtu kidogo. Hata jina la zabibu kwenye lebo lina nafasi ya kupumua: kwa sheria za Umoja wa Ulaya inatosha asilimia 85 iwe zabibu hiyo, na Marekani kwa kawaida asilimia 75. Kilichobaki kinaweza kuwa jirani yeyote.

Halafu kuna mwaloni, mti wa mapipa yanayoupa mvinyo harufu. Pipa la kawaida la Bordeaux huchukua lita 225, ni ghali, na huchoka baada ya misimu michache. Kwa hiyo mvinyo wa bei ndogo hauingizwi kwenye pipa. Pipa ndilo huingizwa kwenye mvinyo, likiwa vibanzi, kama majani ya chai. Umoja wa Ulaya uliruhusu jambo hilo mwaka 2006. Si dhambi, na vanila yake hunukia vizuri. Usiku wa tisa mdogo wangu alinusa glasi ya namna hiyo akasema, "Penseli. Umetoka kuichonga." Mimi usiku huo nilikuwa nimechoka, nilikwisha kuvaa nguo za kulalia, na karibu nikatae kuionja. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania: dozi ni dozi. Nikapiga funda moja, nikaandika maneno mawili, nikalala.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikuwa nikidhani maana yake ni kwamba sifa hulevya. Katikati ya Desemba nikaanza kuisoma kwa upande wa mgema. Anayetengeneza mvinyo kwa ajili ya mamilioni hapati hata hizo sifa. Anachopata ni kukosa malalamiko. Mtu anayelipwa kwa kutolalamikiwa atapunguza kila chenye ncha: uchachu unaouma, ukakasi unaokausha fizi, harufu itakayomkera mmoja kati ya kumi. Ataongeza sukari kidogo isiyosemwa. Atakachotuletea kitakuwa kweli hakina kasoro.

Wa kumi na nne ndio ulionithibitishia. Kifuniko cha kuzungusha kilipolia krr, mdogo wangu alirudi nyuma hatua mbili. "Dada, yai. Yai viza." Hakuzidisha. Vifuniko hivyo huzuia hewa vizuri mno, na kama mvinyo ulifungwa ukiwa na salfa ya ziada iliyotokana na uchachushaji, harufu hiyo haina pa kutokea. Wengine hutumbukiza sarafu safi ya shaba, maana shaba huishika salfa. Mimi niliumimina kutoka glasi hadi glasi kama mtu anayepoza chai, mara kumi, kumi na tano, nikauacha dirishani. Saa moja baadaye yai lilikuwa limeondoka. Kilichobaki kilikuwa mvinyo mwekundu mwembamba, wenye cheri chungu na ukakasi wa kutosha kukunja ulimi, na kitu kama udongo baada ya mvua. Garnacha, zabibu ya Hispania. Ndio niliouandikia ukurasa mzima. Huyu angalau aliingia nyumbani akigombana.

Kisha nikaugua mafua. Siku nne pua imeziba, na kuonja mvinyo kwa pua iliyoziba ni sawa na kusikiliza redio iliyozimwa. Vilango vinne vikabaki vimefungwa, na nilipopona nilikuwa na deni la mililita 748, yaani chupa nzima kasoro mililita mbili. Hapa nikaona vile kalenda ya mvinyo isivyofanana na ya chokoleti. Kila kichupa cha asilimia 12.5 kina takriban gramu 18 za alkoholi halisi, na Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango ambacho mtu anaweza kukiita salama kwa afya. Sanduku halikuandikwa neno lolote kuhusu mtu kuruka siku. Linadai tu. Nikajifunza kutema. Waonjaji wa kazi hutema siku nzima, kwa mstari mmoja ulionyooka. Mimi nilitema kama mtoto anayefundishwa kupiga mswaki, nikachafua shati, na mdogo wangu akaketi jikoni akicheka hadi akashika mbavu. Vinne hivyo tulivionja jioni moja, vilivyobaki nikavimwaga. Kumbukumbu ninayo ya kimoja tu, Prosecco, mvinyo wa Italia wenye mapovu, iliyoandikwa "extra dry", maneno ambayo yeyote angeyaelewa kuwa ni kavu kupita zote, yaani isiyo na utamu kabisa. Ni kinyume. Daraja hilo huwa na gramu 12 hadi 17 za sukari kwa lita, na lililo kavu zaidi yake huitwa brut. Aliyepanga majina hayo naye alilipwa kwa kutolalamikiwa.

Kuanzia hapo nilianza kuingojea kauli ya mdogo wangu kabla ya kuandika yangu, ambayo ni kuvunja masharti. Yeye alikuwa na bahati ambayo mimi sina: hakuwa na msamiati. Hajui kwamba mvinyo mwekundu "unatakiwa" kunukia matunda meusi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa mambo ya mvinyo. Waliutia mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 watafiti wengine, huko California, waliwaonjesha watu mvinyo ule ule huku wakiwatajia bei tofauti, wamelala ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Bei ilipotajwa kubwa, watu walisema ni mzuri zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na kufurahia iliongeza kazi. Hawakuwa wanadanganya. Walifurahia kweli.

Niliyasoma hayo nikajiambia mimi nina soksi.

Usiku wa 24 tuliuandaa. Glasi zilifutwa hadi zikang'aa, taa tukaipunguza. Kilango hicho kilikuwa kipana kuliko vingine, chenye mpaka wa dhahabu, na ingawa chupa ilivishwa soksi nilijua ni ya siku gani. Nikainusa taratibu. Nikaonja. Nikafumba macho, nawaambia ukweli. Niliandika: "Hatimaye. Mwekundu wa kiungwana. Mwerezi, plamu zilizoiva, ukakasi laini kama mahameli. Una mwisho mrefu. Wametuwekea ulio bora mwishoni." Nikamsukumia mdogo wangu glasi, huku nikikumbuka arusi ya Kana na yule mkuu wa meza aliyestaajabu divai njema kuja mwisho.

Akanusa. Akanusa tena.

"Penseli," alisema.

"Huo ni mwerezi. Penseli hutengenezwa kwa mwerezi."

"Sawa, lakini hii ni penseli ile ile. Dada, huu tumeshaunusa."

Nikamwambia vibanzi vya mwaloni hunukia hivyo kila mahali. Hakubishana. Alikwenda jikoni, kwenye mfuko wa chupa tupu, akarudi na ya tisa. Jina lilikuwa tofauti. Picha nayo: ile ya tisa ilikuwa na ndege anayeruka, hii ya 24 ilikuwa na jumba lenye minara. Akazigeuza zote mbili, akaziweka chini ya taa na kunionyesha kwa kucha ya kidole kidogo. Chini kabisa ya kila lebo, kwa maandishi ya kumtafuta mtu macho, kulikuwa na jina la kiwanda kimoja cha kujaza chupa. Na shingoni, herufi L na tarakimu za toleo. Tulizisoma kwa zamu, yeye ya tisa, mimi ya 24, tarakimu baada ya tarakimu, hadi zikaisha.

Nikalifungua daftari kwenye ukurasa wa tarehe 9. Maneno mawili niliyoandika usiku ule yalikuwa: "Sabuni. Basi."

Mdogo wangu akayasoma kwa sauti, kisha akasoma yale ya mahameli, kisha akarudia ya sabuni.

"Lakini siku ile ilinukia sabuni," nilisema. "Nakumbuka kabisa."

"Siku ile," alisema, akianza kukusanya glasi, "ulikuwa umetoka kupiga mswaki."